Mlango Uliosema Bu

Mbao nzima ukiigonga husema ko. Iliyooza husema bu. Ndivyo nilivyomwambia shemeji yangu, maana seremala ni mimi, nikaanza kugonga ile gari ndefu ya zamani yenye bodi ya mbao aliyotaka kuinunua.

Ko. Ko. Ko.

"Umesikia, shem? Ina afya kukushinda."

Mama mwenye gari akacheka. Shemeji hakucheka. Alishaipenda, na wanawe watatu walishagombania nani ataegemea mlango wa nyuma.

Nikagonga nguzo inayoushika mlango huo. Bu.

Nikainama. Chini ya vanishi kulikuwa na alama ya dole gumba, lenye kovu la msumeno katikati. Nikatazama dole gumba langu: kovu lile lile. Miaka sita nyuma, mteja mmoja alitaka gari yake iuzike haraka, nami nikajaza uozo kwa gundi na unga wa mbao. Nilijisifu wiki nzima.

"Umeona nini, fundi?" mama akauliza. "Mimi nilipoinunua nilikuja na fundi wangu, akasema hiyo nguzo ndiyo imara kuliko zote."

"Wewe ndiye macho yangu, shem," shemeji akasema. "Niwapakie wanangu humu, nisiwapakie?"

Nikachukua bisibisi, nikailenga ile alama, nikasukuma. Ikazama mpaka mpini. Mlango ukalegea, ukaning'inia kama sikio la mbwa.

Mama akashika mdomo.

"Mpuuzi gani alifanya kazi hii?" shemeji akafoka.

Nikainua dole gumba.