Harusi Nyuma ya Ukuta

Siku ile zamu ilikuwa ya Tunu, mke mkubwa, na runinga yake mpya alikuwa ameivua nailoni tangu asubuhi.

"Leo niwekee video ya harusi yetu, Baba Kidawa."

Mumewe akafungua kompyuta. "Siku hizi kurusha video kwenye runinga hata waya hauhitajiki," akajigamba, akabonyeza.

Runinga ikabaki nyeusi tii. Vigelegele vya harusi ya Tunu vikasikika nyuma ya ukuta, kwenye runinga ya sebuleni kwa Rukaya, mke mdogo.

"Imekwenda kule yenyewe," mume akasema, macho chini. "Imeshazoea."

"Imezoea," Tunu akarudia, roho ikimuuma. Akaiokota nailoni, akaanza kuivisha tena runinga, polepole, pembe kwa pembe.

Nyuma ya ukuta, Rukaya akaongeza sauti.