Nywila ya Mama Simu

Mama Simu, mpokea simu wa idara, aliweka vidole kwenye kibodi, na wafanyakazi wenzake ukumbini wakamtazama. Mara tatu mafundi walimletea mfumo huu wa kuombea likizo, na mara tatu aliukataa, kwa sababu kompyuta ilimsomea "kitufe, kitufe, kitufe" bila kusema ni kitufe cha nini.

"Mimi kipofu, jamani," aliwaambia, "si mpiga ramli."

Leo sauti ilimnong'oneza sikioni vizuri kabisa. "Jina lako." Akaandika. "Namba ya kazi." Akaandika. Mkurugenzi akamsogelea kwa nyuma, kama alivyozoea.

"Mama, nikusaidie hapo?"

Miaka ishirini na miwili walikuwa wakimsaidia. Katibu alimjazia fomu, tarishi akamsomea majibu, na nywila yake aliijua kila mtu mpaka mfagiaji. Hata alipoomba ruhusa ya kwenda kupima ujauzito, ofisi nzima ilimpongeza kabla mumewe hajajua.

"Nywila mpya," sauti ikasema.

Vidole vikasimama juu ya herufi. Tabasamu likamjaa usoni.

"Mkurugenzi," alisema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, "geuka."

"Unasemaje?"

"Geuka, bosi wangu. Na ninyi wote huko nyuma. Naandika nywila yangu."

Viti vikaanza kukwaruza sakafu, kimoja baada ya kingine. Mama Simu alitega sikio, akasubiri mpaka cha mwisho kigeuke, ndipo akaandika.