Baridi ya Baba

Joto linalonyonywa kwenye ofisi za serikali lina bomba lake, nalo hulimwaga mtaani kwetu. Ndiyo sheria. Mtambo wa kulinyonya ulipochakaa tulipumua kidogo, kisha mume wangu Chande na mafundi wenzake wakaitwa kuukarabati.

Kila jioni akirudi, mwanetu Zawena humkimbilia mlangoni na kubandika shavu kwenye ovaroli yake, maana huja na baridi ya kule ofisini. Jana alilibandika, akalitoa upesi.

"Baba, baridi yangu iko wapi?"

"Imeishia kona ya mtaa, mwanangu."

Nikamkazia macho. "Si ulisema mtambo mmeshautengeneza?"

"Tumeutengeneza, mama Zawena," akajibu, akiloweka khanga ya kumfunika mtoto. "Sasa unafanya kazi vizuri."