Sungura Kati ya Simbamarara

Mi-ran alilibamiza kabichi kwenye beseni mpaka rojo la pilipili likamrukia mama yake shavuni.

"Kabichi halijakukosea," mama yake akasema, akijifuta kwa kiwiko.

Aliyekosea alikuwa Bon-seok, naye yuko Gwangju, mkono usikomfikia. Simu ilikuwa juu ya kigoda uani, ikitetemeka kila mara, na kila ilipotetemeka Mi-ran alizidi kulitesa kabichi.

Kundi lao la simuni liliitwa Simbamarara, kwa sababu wote sita walizaliwa mwaka wa Simbamarara, katika kalenda ya Kikorea inayoupa kila mwaka mnyama wake. Sharti la kuingia lilikuwa hilo tu. Mi-ran ndiye aliyelianzisha, zamani, baada ya kuchoka kupima maneno. Kazini kila mtu alikuwa juu yake au chini yake. Kanisani vivyo hivyo. Hata jirani huwezi kumwita kwa jina kabla hujajua alizaliwa lini, maana aliyekuzidi mwaka mmoja ni mkubwa wako na unamwamkia. Wa mwaka wako peke yake ndiye unayeweza kumwita mjinga kabla ya kifungua kinywa, na mchana mkacheka pamoja.

Na waliitana wajinga kwelikweli. Waligombana kama mchuzi wa nyama ya kukaanga unamwagwa juu au unachovywa pembeni. Waligombana juu ya wakwe, soksi, na watu wanaokoroma sinemani. Bon-seok alitia sukari kwenye tambi baridi za maziwa ya soya, Mi-ran alitia chumvi, basi kila kiangazi vita vilianza upya. Mi-ran alikuwa akimwambia sukari ni ya watoto, aende kwa mama yake akaombe pipi. Naye Bon-seok alimjibu anyamaze, simbamarara wa mfukoni, kwa kuwa kwenye picha ya pamoja Mi-ran aliwafikia wenzake begani. Mume wa Mi-ran alipokuwa akifia hospitali, Bon-seok ndiye aliyemtumia matusi ya tambi kila asubuhi, mpaka siku moja Mi-ran akajikuta anacheka kwenye korido.

Sasa leo Bon-seok alikuwa ametuma picha ya keki ya kuzaliwa. Ukutani nyuma yake wanawe walikuwa wamebandika bango: Heri ya miaka hamsini.

Wenzake wote walitimiza hamsini mwaka jana.

Tae-gon, muuza kuku wa Busan, ndiye aliyeliona kwanza. Akaandika, "Jamani, huyu Sungura katuingiaje?" Maana mwaka unaofuata wa Simbamarara ni wa Sungura. Wengine wakaangua kicheko. Bon-seok akakiri. Alisema baba yake alimwingiza shule mapema, amekua na watu wa rika lao, na alipoona sharti la kundi aliogopa kukataliwa.

Mi-ran hakucheka. Alimwandikia Bon-seok kwamba kuanzia leo amwite dada na amwamkie kama watu wenye adabu wanavyoamkia wakubwa zao.

Bon-seok alijibu mara moja. "Shikamoo dada. Naomba radhi, dada."

Alikuwa amepewa alichodai, na ndicho kilichomchoma zaidi. Kwa neno moja yule mtu wa kutukanana naye alikuwa ameondoka, na aliyebaki alikuwa mdogo wake kama wale wa kazini.

"Kwani kazidiwa miaka mingapi?" mama yake akauliza alipokwisha kusimuliwa.

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mama, mwaka ni mwaka. Kaniita kwa jina kavu siku zote kama tulinyonya pamoja. Mambo niliyomwambia yule, hata wewe sijakwambia."

Mama aliokota jani lililodondoka, akalisuuza, ingawa lilikuwa safi.

Simu ikatetemeka tena. Tae-gon alikuwa akimwomba amwache Sungura wa watu, kwani watampata wapi mwingine wa kugombana naye kuhusu sukari. Mi-ran alivua glavu kwa meno, akaandika huku akisema kwa sauti, kila neno akilitema:

"Anayevaa umri usio wake ni mwizi. Atoke."

Mikono ya mama ikasimama katikati ya kabichi.

"Usimtoe, Kadogo," akasema, kwa jina alilomwita tangu utotoni.

"Nipe sababu moja."

Mama alitazama beseni, akatazama mitungi ya achari kando ya ukuta, akamtazama bintiye.

Mi-ran akabonyeza. Jina la Bon-seok likafutika kundini. Hakuna aliyeandika kitu, hata Tae-gon. Simu ilikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na ule ukimya ukamtia hasira mpya, kwa sababu hakujua wa kumtukana.

"Haya," akasema, akivaa glavu. "Tumebaki Simbamarara watupu."

Mama yake alikaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

"Mi-ran wa mwaka wa Simbamarara alikuwa dada yako," alisema. "Surua ilimchukua hujazaliwa. Baba yako hakuwa na moyo wa kwenda serikalini kumfuta, kwa hiyo ulipokuja tukakupa jina lake na mwaka wake. Wewe ni wa mwaka wa Joka, Kadogo, ule unaofuata baada ya Sungura. Huyo uliyemfukuza ni mkubwa wako."