Beseni Kando ya Kitanda

Kabla ya kwenda zahanati, Mzee Kibwana alijaza maji kwenye beseni, akaliweka kando ya kitanda, akachovya humo kanga ya marehemu mkewe, Mwanakombo. Chanjo ya kwanza ilimtia homa hata akaweweseka, na Mwanakombo ndiye aliyekuwa akimwekea kanga hiyo usoni mpaka homa ikashuka. Huko kumuuguza kukampitishia Mwanakombo siku yake mwenyewe ya kuchanjwa. Alipokwenda, akaambiwa dawa zimekwisha. Wakubwa walikuwa wamekwishagawana na jamaa zao. Ugonjwa haukumngoja.

Sasa, pale zahanati, nesi alimshika Mzee Kibwana mkono. "Baba, hii ni ya kuongezea nguvu ile ya kwanza tu. Ukipata homa usishtuke, ni kawaida."

"Kawaida kwenu. Kwani nyie mnaiugua?"

Nesi akacheka. "Sisi tulichanjwa mwanzo kabisa, baba."

"Najua. Nyie dawa haikuwaishia."

Kicheko kikamkauka. "Nyumbani yupo wa kukuangalia?"

Mzee Kibwana akautazama mlango. Alitaka kuinuka aende zake, awaachie dawa yao. Lakini akamwona tena Mwanakombo alivyorudi siku ile bila kuchanjwa, mkono wa gauni bado ameukunja mpaka begani.

Akakunja mkono wa shati lake. "Choma, kabla haijaisha."

Jioni baridi ya homa ikamwingia mifupani. Akaikamua kanga mwenyewe, akajiwekea usoni. Kisha, huku akitetemeka, akajisogeza ukutani, kama mtu anayempisha mwenzake akae.