Ulimi wa Kengele

Mwadini, fundi mwashi wa Tanga, alifika juu ya mnara wa kengele akihema. Chini yake shamba lote, nje kidogo ya Johannesburg, lilielea ukunguni kama halijaamua kuamka.

Mnara ulijengwa ili kuwaita vibarua alfajiri. Kengele ilinyamaza zamani, na sasa bosi aliitaka ilie Jumamosi, kwenye harusi ya bintiye.

Mwadini akapenyeza mkono ndani ya kengele, akaushika ulimi wake, kile chuma kinachogonga. Ulikuwa laini. Ulikuwa umeviringishiwa blanketi la mtoto mchanga, likashonwa kwa uzi mwekundu, tundu kwa tundu, bila haraka.

Akakumbuka maneno ya mpishi mzee asubuhi ile, akimmiminia chai: "Siku niliyozaliwa, mwanangu, kengele haikulia. Mama alilala nami mpaka jua likawa juu. Tangu siku ile haijalia tena."

Akatoa kisu. Ncha ikagusa uzi wa kwanza.

Chini, mpishi alikuwa ametoka jikoni, mikono ndani ya aproni, akitazama juu.

"Vipi, fundi?" bosi akapaza sauti. "Italia?"

Mwadini akakifunga kisu.

"Eish, bosi! Haina ulimi."