Bwana Harusi wa Herufi Moja

Bwana harusi alikuwa amebaki herufi moja. Kwenye kioo cha kompyuta ya ofisi ya parokia palisomeka, "Ndoa inatangazwa kati ya Bwana D", halafu patupu. Chini yake skripti, programu fupi ya kutuma matangazo, ilikuwa imetapika maandishi mekundu na kunyamaza.

"Imerudia tena," alisema Fabiani, akajishika kichwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na mvua ilikuwa inaponda bati la ofisi. Geti la nondo mlangoni lilikuwa na kufuli, maana tangu printa iibiwe paroko hataki mlango wazi. Ufunguo alikuwa nao Imakulata, karani wa parokia, aliyekuwa naye humo ndani. Dirisha nalo lilikuwa na nondo. Fabiani, fundi wa simu na kompyuta pale sokoni Mpanda, alijiona kama kuku aliyetiwa kwenye tenga. Wateja walikuwa wanamsubiri kibandani kwake, lakini angeondokaje? Skripti aliiandika mwenyewe.

Kazi ya skripti hiyo haikuwa ya ajabu. Inachukua matangazo ya ndoa aliyoyapiga Imakulata, inayaandika kwenye faili la maandishi, inawatumia makatekista wa vigango vyote. Ilikwenda vizuri mpaka alipotokea Désiré wa Kasekese, ambaye mama yake ni Mrundi na jina lake lina vialama juu ya e. Ikifika kwenye hiyo e, inakata roho.

Na Désiré alikuwa anamwoa Imakulata mwenyewe.

Tangazo lilikuwa limeshasomwa Jumapili mbili, bado moja. Kesho lisiposomwa Kasekese, ndoa ya Jumanne haipo, na Jumatano ni Majivu. Kwaresima haifungwi ndoa. Ingebidi wasubiri mpaka Pasaka ipite.

"Mwanangu, inakwenda?" Mzee Cletus aliita kutoka barazani, mdomo umegusa nondo. Yeye ni baba mdogo wa Imakulata. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemtafutia mchumba. "Ng'ombe ameshachinjwa kwa maneno, bado kisu tu. Ndugu wa Kibaoni wako njiani. Usinitie aibu!"

"Inakwenda, mzee."

Haikuwa inakwenda hata kidogo.

"Tuandike tu Desire bila hivyo vialama," Fabiani alimnong'oneza Imakulata. "Nani atajua?"

"Paroko atajua. Anataka jina lisomwe kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo."

"Basi tumpigie katekista simu, tumwambie kwa mdomo."

"Umesahau ya mwaka jana? Si kwa mambo ya simu walimtangaza mtu na shemeji yake? Paroko alishapiga marufuku."

Fabiani aliangua kicheko. Imakulata hakucheka. Tangu matangazo yaanze hakuwa amecheka, na Fabiani alimheshimu kwa hilo. Kwao Fabiani, bibi harusi anayechekacheka kabla ya siku yake huambiwa hana adabu, na huyu alionekana amefundwa akafundika.

"Pumzika kidogo, kaka," Imakulata alisema, akimsogezea kikombe cha chai. "Ikishindikana, imeshindikana. Hakuna atakayekulaumu."

Huruma ilimshika Fabiani. Ndoa ya binti wa watu inazama, na bado yeye ndiye anayembembeleza fundi! Aliapa moyoni kwamba hatoki humo mpaka tangazo liondoke.

Kilichomuuma ni kwamba alishaitengeneza. Jumamosi ya kwanza alihangaika mpaka akaupata mstari mmoja unaoiambia kompyuta iandike herufi za aina gani. Akaubadilisha, vialama vikapita. Alimwonyesha hata Imakulata kwa kidole, naye akauliza maswali ya maana. Binti alikuwa anashika mambo upesi. Haikuwa bure chuo cha uuguzi kumkubali aanze mwezi ujao, kabla baba mdogo hajasema ndoa kwanza. Jumamosi ya pili Fabiani akaukuta mstari umerudi ulivyokuwa zamani. Akaurekebisha, akaulaumu umeme. Leo tena, yaleyale.

"Umeme ukikatikakatika, kompyuta inarudi nyuma," alisema, ingawa mwenyewe hakuwa na hakika. "Leo naimaliza kabisa. Naifunga hii skripti kwa nywila. Hakuna atakayeigusa."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Na huo umeme wenu nao tuone utaingilia wapi."

Imakulata alisogea mlangoni, akashika nondo za geti, akatazama mvua. Nyuma yake Fabiani aliandika, akafuta, akaandika upya. Akaweka nywila. Akabonyeza.

Skripti ilikimbia, ikafika kwenye D. Fabiani alibana pumzi. Ikapita. Désiré alitokea mzima mzima, na vialama vyake kichwani. Faili likaondoka, na chai ilikuwa haijapoa wakati simu ilipoita: katekista wa Kasekese. Tangazo limefika, kesho linasomwa misa ya kwanza.

"Mungu mkubwa!" Mzee Cletus alipiga makofi barazani, akaanza kuwapigia simu ndugu wa Kibaoni kwa sauti ya kushinda mvua.

Fabiani aligeuka apokee asante yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka Imakulata mpaka kidevuni. Furaha hiyo, fundi alijisemea, na yeye mwenyewe machozi yakamlengalenga.

"Haya mdogo wangu, nifungulie nikawahi wateja," alisema. "Hilo kosa halirudi tena."

Imakulata alichomeka ufunguo kwenye kufuli, asiuzungushe.

"Halikuwa linarudi lenyewe, kaka," alisema polepole, ili baba mdogo asisikie. "Nilikuwa nalirudisha mimi."